Ubongo Ukiugua, Nani Anahesabiwa?

*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14*



Ndugu zangu na dada zangu, tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii, na tunamuomba awaponye walio vitandani. Tafakuri ya leo ni ndefu kidogo. Kama swaumu imekushika, iache uisome baada ya futari, maana inataka kichwa kilichotulia.

Kwenye darsa la vijana huwa tunapokea maswali ya karatasi bila majina. Wiki hii likatoka hili: "Sheikh, sisi wa mchepuo wa sanaa hatukusoma baiolojia. Tunasikia wataalamu wanasema kufikiri, kukasirika, kupenda na hata kuamua, vyote vinafanyika kwenye ubongo. Sasa mtu akitenda dhambi, aliyetenda ni yeye au ubongo wake? Na ndugu yangu mwenye kifafa, Mungu anamhesabu vipi?"

Hili si swali la kujibiwa kwa kuguna "astaghfirullah" halafu tukaendelea na lingine. Aliyeuliza ana ndugu mgonjwa nyumbani. Tulichukue hatua kwa hatua.

*1. Ubongo unafanyaje kazi?*

Usiogope, huhitaji baiolojia. Chukua kitu unachokijua: mchango wa harusi kwenye kundi la simu. Kamati imesema ukumbi haulipiwi mpaka ipatikane laki tano. Wengine wanatuma, wengine wanaahidi, wengine wanaomba warudishiwe walichotoa. Mwekahazina anajumlisha. Ikifika laki tano, analipa. Isipofika, halipi hata nusu.

Seli moja ya ubongo inafanana na mwekahazina huyo. Inapokea ujumbe kutoka kwa seli nyingine, pengine maelfu. Baadhi zinaisukuma itume ujumbe, baadhi zinaizuia. Jumla ikifika kiwango chake, inatuma mpigo mmoja wa umeme mdogo. Isipofika, inakaa kimya. Mpigo ukifika mwisho wa seli unatoa kemikali kidogo, ile kemikali inavuka mwanya mwembamba sana, inagusa seli ya jirani, na hesabu inaanza upya kwa jirani.

Sasa zidisha. Ubongo wa mtu mzima una seli za namna hiyo zipatazo bilioni 86. Uzito wake wote ni kama kilo moja na robo mpaka kilo moja na nusu, yaani kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini unatumia karibu sehemu moja ya tano ya nishati ya mwili uliopumzika. Haishangazi basi kwamba njaa, kiu na kukosa usingizi vinagusa namna tunavyowaza na tunavyojibizana.

Hakuna seli moja ya uongo wala seli moja ya imani. Wazo ni mazungumzo ya seli nyingi kwa pamoja. Hata hivyo, sehemu za ubongo zina kazi zake. Nyuma ya kichwa kuna eneo la kuona. Mwaka 1861 huko Paris, daktari Paul Broca alimpokea mgonjwa aliyekuwa anaelewa anachoambiwa lakini kila akitaka kusema anatoa silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca aliufungua ubongo wake akakuta jeraha upande wa kushoto, kwa mbele. Tangu hapo watu wakaanza kujua kwamba kutamka maneno kuna mahali pake. Na sehemu iliyo nyuma ya paji la uso inahusika sana na kupanga, kupima matokeo na kujizuia.

*2. Je, kusema hivi ni kuikana roho?*

Hapana. Na Waislamu hatukuanza kulisikia jambo hili jana. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kwamba nguvu za akili zina mahali pake kichwani: mbele pa kukusanya hisia, nyuma pa kuhifadhi kumbukumbu. Alidhani zimo kwenye vile vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, na hapo utafiti wa baadaye ulimsahihisha. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, alimpinga Ibn Sina kwa ukali katika mambo ya itikadi. Lakini alipofika kwenye maelezo haya ya nguvu za akili, alisema hayana kitu ambacho dini inalazimisha kikataliwe. Huo ndio uadilifu wa mwanachuoni. Anapinga kinachopaswa kupingwa, na kingine anakiacha kipite.

Qur'ani imetufundisha kwamba katika jambo la roho tumepewa elimu ndogo. Basi tusiifiche roho kwenye pembe ambayo wataalamu hawajafika, maana wakifika kesho utasema nini?

Hapo hapo niseme na jambo jingine. Kila Ramadhani narushiwa ule ujumbe unaosema sayansi imethibitisha kuwa "nasiya", utosi wa mbele uliotajwa katika Suratul Alaq, ndiyo mashine ya uongo. Ndugu yangu, aya ile inamtisha mkaidi anayemzuia mja kuswali. Ibaki na uzito wake huo. Eneo la mbele la ubongo linafanya kazi mtu anaposema uongo, na linafanya kazi pia anaposema kweli kwa shida, anapopanga safari, anapojizuia kumtukana jirani. Kuitetea Qur'ani kwa habari ambayo hukuihakiki ni kuiweka Qur'ani mahali pabaya siku habari hiyo ikikanushwa.

*3. Fundi wa reli aliyebadilika*

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe. Mwaka 1848 huko Vermont, Marekani, kijana wa miaka 25 aitwaye Phineas Gage alikuwa msimamizi wa vibarua wa kupasua miamba ili reli ipite. Alikuwa anashindilia baruti kwenye tundu la mwamba kwa nondo yenye urefu wa zaidi ya mita moja. Baruti ikalipuka kabla ya wakati. Nondo ikaingia chini ya shavu la kushoto, ikatokea juu ya kichwa. Hakufa. Baada ya muda mfupi alikuwa anaongea.

Lakini waliomjua walisema amebadilika. Mtu aliyekuwa makini na mpole akawa na maneno machafu, hana subira, anapanga jambo na kuliacha. Daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba rafiki zake walimuona si Gage yule.

Hapo ndipo imani ya mtu inapotikisika: kumbe upole unaweza kutobolewa kwa nondo? Kumbe subira yangu inategemea kipande cha nyama kilicho nyuma ya paji la uso?

Kwanza maliza hadithi, maana wengi wanaishia hapo. Gage baadaye alikwenda Chile, akaendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo inataka kuamka mapema, kuwa na adabu kwa abiria na kufuata ratiba. Inaonekana alijifunza upya mengi aliyoyapoteza. Alifariki 1860 baada ya kushikwa na mishtuko ya kifafa. Tutarudi kwenye kifafa.

Pili, jibu la swali letu. Kila unachofanya, ubongo wako unashiriki. Ukiiba unashiriki, na ukiswali unashiriki vile vile. Kama kushiriki kwa ubongo kunafuta dhambi, basi kunafuta na thawabu, na hakuna atakayebaki na kitu. Kwa hiyo swali "je, ni ubongo uliofanya?" halitusaidii, kwa sababu jibu lake siku zote ni ndiyo. Swali la maana ni jingine: *huyu mtu, wakati ule, alikuwa na uwezo wa kuelewa na kujizuia, au hakuwa nao?*

Chukua mfano wa mwezi huu. Mtu anamfokea mkewe saa kumi na moja jioni, akiulizwa anasema "swaumu imenipanda kichwani". Ni kweli njaa na usingizi mchache vimeugusa ubongo wake. Lakini huyo huyo, simu ya bosi wake ikiita dakika ile ile, sauti inalainika: "Ndiyo mzee, naam mzee." Basi uwezo wa kujizuia alikuwa nao. Alimchagulia bosi akamnyima mkewe. Sababu ipo, udhuru haupo.

Sasa mchukue mama aliyepatwa na kichaa cha uzazi, anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hatambui hata mtoto aliyemzaa. Huyo hata akipigiwa simu na mkuu wa mkoa hawezi kujibu vizuri. Hana hata cha kuchagulia. Tofauti yake na yule mume haiko kwenye kuwa na ubongo au kutokuwa nao. Wote wawili wana ubongo. Tofauti iko kwenye uwezo uliobaki.

Na uwezo una daraja, fiqhi inalijua hilo zamani. Kijana akibaleghe anahesabiwa swala na swaumu, lakini mali ya yatima hakabidhiwi kwa sababu ya baleghe tu. Suratun Nisaa imeagiza wapimwe mpaka waonekane wana busara ya kuisimamia. Leo wataalamu wanasema ile sehemu ya mbele ya ubongo inaendelea kukomaa mpaka mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu. Kijana asitumie hilo kukwepa swala, na mzazi asilisahau anapomdai mtoto wa miaka 14 akili ya mtu wa 40.

*4. Kalamu*

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kalamu imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka akili imrudie. Sheria ya nchi yetu nayo inakwenda njia inayokaribiana na hiyo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaanza kwa kumchukulia kila mtu kuwa ana akili timamu (kifungu cha 12), kisha inasema asiyeweza kuelewa anachofanya, au kujua kuwa ni kosa, au kujizuia, kwa sababu ya maradhi ya akili, hana hatia ya jinai (kifungu cha 13). Na hapa hapa Dodoma kuna Isanga, chini ya Mirembe, ambako mahakama hupeleka watu wachunguzwe akili zao. Jambo ambalo wengine wanalisoma kwenye vitabu, sisi tunaishi nalo jirani.

Lakini tazama tunavyolitumia hilo jina. Mirembe ni hospitali iliyohudumia wagonjwa wa nchi nzima tangu miaka ya 1920. Kwenye vinywa vyetu imekuwa tusi. Mtu akibishana na wewe sokoni Majengo: "Huyu wa Mirembe huyu." Mtoto akichelewa kuelewa darasani: "Utapelekwa Mirembe." Halafu siku mtoto wako mwenyewe akianza kusikia sauti usiku, unaona aibu kumpeleka, unamficha chumba cha nyuma miezi sita, kwa sababu ya neno ambalo wewe mwenyewe ulilitia sumu. Swaumu ya ulimi inaanzia hapo.

Ninachotaka ubaki nacho leo ni hiki: kalamu ikiinuliwa kwa mgonjwa, haiwekwi mezani ikapumzika. Inaendelea kuandika, na inaandika sisi tuliomzunguka tulifanya nini. Yeye haulizwi kwa nini alivua nguo barabarani. Mimi na wewe tutaulizwa kwa nini tulitoa simu tukapiga picha badala ya kutoa kanga tukamfunika.

*5. Ndugu mwenye kifafa*

Turudi kwa aliyeuliza. Kifafa ni nini? Kumbuka wale waweka hazina bilioni 86. Kwa kawaida kila mmoja yuko na hesabu yake. Fikiria msikitini baada ya Ijumaa, watu wanasalimiana, kila kikundi na mazungumzo yake, na kila mtu anaelewana na mwenzake. Ghafla wote wapige kelele neno moja kwa pamoja, tena na tena. Hakuna mazungumzo yatakayowezekana. Ndivyo inavyokuwa kwenye ubongo wakati wa kifafa: seli nyingi mno zinatuma mpigo kwa pamoja. Mwili unakakamaa na kutetemeka, fahamu zinapotea, na baada ya dakika chache kelele inatulia.

Sababu zinaweza kuwa jeraha la kichwa (kama Gage, na kama kijana wa bodaboda anayekimbilia futari bila kofia ngumu), malaria iliyopanda kichwani, shida wakati wa kuzaliwa, minyoo ya nguruwe iliyofika kwenye ubongo, kurithi, na mara nyingine sababu haionekani. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama milioni 50 duniani wana kifafa, na hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzitumia vizuri. Asilimia 70! Halafu mtu amekaa na mtoto miaka kumi anazungushwa kwa waganga.

Utaniuliza: Sheikh, unakanusha majini? Sikanushi, kuwepo kwa majini ni katika imani yetu. Lakini kuamini kwamba majini wapo ni imani, na kusema "mtoto huyu ana jini" ni uchunguzi. Uchunguzi unataka ujuzi, na anayeufanya bila ujuzi akamdhuru mtu, anabeba dhamana. Soma Qur'ani, omba dua, na mpeleke kliniki. Mtume (S.A.W.) ameamrisha tujitibu. Na degedege la mtoto mwenye homa lisisubiriwe kwa hofu ya yule "dege" wa usiku. Mara nyingi nyuma yake kuna homa kali au malaria, na kila saa inahesabika. Kimbia hospitali.

Kalamu kwake ikoje? Wakati ameanguka, na ule muda amechanganyikiwa baada ya kuzinduka, kalamu imeinuliwa. Akirudiwa na akili ni mtu kamili kama wewe: anaswali, anaoa au anaolewa, anafanya biashara, anaswalisha kama ana elimu. Kumnyima haya siku 29 za mwezi kwa sababu ya dakika tatu ni dhulma.

Mnaikumbuka ile hadithi ya mwanamke mweusi aliyekwenda kwa Mtume (S.A.W.), iliyopokelewa na Bukhari na Muslim? Alikuwa anaanguka, na akianguka nguo zinamvuka. Akaomba aombewe. Mtume akamchagulisha: asubiri apate Pepo, au amuombee apone. Akachagua kusubiri, lakini akaomba jambo moja, aombewe asifunuke. Akaombewa. Zingatia alichokihofia yule mama. Maradhi aliyakubali. Aibu mbele ya watu ndiyo iliyomuelemea. Na hilo la kumsitiri, mimi na wewe tunaliweza.

Karibu mwaka 1960 daktari mwanamke kutoka Norwei, Louise Aall, alifanya kazi Mahenge, huko Ulanga. Alikuta wagonjwa wa kifafa wenye makovu makubwa ya moto. Walianguka kwenye mafiga, na waliokuwepo waliogopa kuwagusa kwa kuamini kwamba mate na povu vinaambukiza. Kifafa hakiambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kula sahani moja. Makovu yale yalitokana na maradhi, na yalitokana pia na mikono iliyobaki mifukoni.

*Ya kufanya*

Mtu akianguka: ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, mfunike, tazama saa. Usimkandamize, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Ikipita dakika tano, au ikirudia kabla hajazinduka, hospitali.

Mwenye kifafa na swaumu: usiache dawa wala usibadilishe saa zake kwa uamuzi wako. Dawa nyingine hunywewa mara moja usiku, na huenda daktari akakuruhusu kufunga. Nyingine haziruhusu. Kukesha nako kunaweza kuchochea mshtuko, hivyo usione haya kuondoka kabla ya mwisho wa qiyamulayl. Daktari akisema swaumu inakudhuru, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani. Anayetarajia kupona atalipa, asiyetarajia atatoa fidia ya kulisha maskini kwa kila siku. Kula kwako kwa ruhusa ya Mola wako ni utiifu. Na wewe ukimuona anakula mchana, funga mdomo wako.

Na wiki hii, kila mmoja amtafute mtu mmoja mwenye maradhi ya akili au kifafa katika mtaa wake. Umfuturishe nyumbani kwako, sahani moja na watoto wako.

Ewe Mwenyezi Mungu, tupe akili na ututunzie. Waliopungukiwa nazo, tufanye sitara yao. Usiiandike kalamu yako dhidi yetu kwa ajili yao. Aamin.

Kesho inshaallah tutazungumzia deni na mdaiwa aliyekwama. Maswali yaendelee kuja.

Wabillahi tawfiq.